Mama Aliyebatizwa kwa Maji ya Moto

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Mtu aliyetoka Bukavu na shati moja, akapita Burundi na Tanzania akidandia malori, akafika Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, na kuanza biashara kwa viatu vitatu, utamshangaza na nini? Si jozi tatu. Viatu vitatu. Kile cha tatu kilikuwa cha kushoto peke yake, nacho nilikiuza. Leo nafungua balo mbili za viatu vya mitumba kila mwezi, wauzaji wa Chilinde kule Lilongwe wananiita bosi, na shule niliishia darasa la nne.

Kuuza ni kipaji changu. Nilipookoka nilisema basi, nitapeleka Habari Njema vile ninavyopeleka viatu. Kanisani kwetu, kila Jumamosi tunatoka wawili wawili kwenda kuongea na watu majumbani, na mwenye mavuno mengi njo mimi. Wenzangu walikuwa wanapiga magoti kwanza, wakimwomba Mungu awape maneno. Mimi nilikuwa ninatoka tu. Maneno nilikuwa nayo.

Jirani yangu pale sokoni ni mama mmoja Mnyarwanda, mjane, mkubwa kwangu kwa umri. Aliishi Kongo miaka mingi kabla ya kufika huku, kwa hiyo Kiswahili chake ni chetu. Anauza usipa, vile visamaki vikavu vya Ziwa Malawi. Huyo alinitoa jasho.

"We mwana, Mungu wako leo unamuuza kilo ngapi?"

"Mungu hauzwi, mama. Ni bure."

"Kitu ya bure, mbona unaipigia kelele kushinda viatu?"

Wauza nyanya walicheka. Nami nilicheka, kwa meno tu.

Lakini alikuwa anasikiliza. Alikuja kanisani akakaa nyuma kabisa. Akarudi tena na tena, na kufika Pasaka alikuwa anaimba kuliko kwaya. Siku moja, akiwa anapimia mteja usipa, aliniambia bila kunitazama, "Yesu mi namutaka. Kweli namutaka. Lakini mule mu maji siingie."

Kwetu ubatizo ni wa maji mengi. Mtu anazamishwa mzima mtoni, kule chini ya mashamba ya wenyeji, na kabla ya hapo hashiriki meza ya Bwana. Na meza yeye aliitaka. Niliona alivyokifuata kile kikombe kwa macho kilipompita. Pasteri alisema tumwache mpaka awe tayari mwenyewe. Nikamwambia, "Pasteri, niachie mimi."

Nilimpa maneno yote niliyokuwa nayo. Nikasema mto unafika kiunoni tu. Nikasema nitamshika mkono. Nikasema maji yameumbwa na Mungu.

"Na nyoka kaumba nani?"

Nikamletea Naamani, aliyezama Yordani mara saba akapona.

"Ule alikuwa na ukoma. Mi niko na nini?"

Jumamosi iliyofuata nilianza tena. Safari hii hakutania. Alifunika usipa wake kwa gunia, akasema, "Mwana, ukinitajia tena mto, hata mu kanisa siji."

Hapo niliogopa. Alikuwa amefika mpaka mlangoni mwa Bwana, na wa kumrudisha nyuma nilikuwa mimi, kwa mdomo wangu huu huu.

Jumatatu nilikwenda Lilongwe kuchukua balo, na mama alikuwa ameniagiza magunia matupu. Wakati wa kurudi nilikaa juu ya mzigo, nyuma ya pikapu, upepo unanipiga machoni, nikaomba kama nilivyoona wenzangu wanaomba. Nikasema, Bwana, maneno yangu yameisha. Kama uko na yako, leta. Kama sivyo, unifunge mdomo. Alianza na la mdomo.

Nilimkuta mama kwake, akipepea mbabula, lile jiko la makaa, na sufuria ya maji juu yake. Nikampa magunia, nikakaa. Nikatafuta la kusema, halikuja. Mimi.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana, mama."

"Mbona unanyamaza kama mukwe?"

Akapepea makaa, akapepea, kisha akaongea mwenyewe.

"Ile mto tulivuka wakati ya kukimbia, maji ilinifika ku shingo. Mtoto alikuwa mu mgongo. Nilipofika ng'ambo, mgongo yote ilikuwa baridi."

Maji yalianza kutoa mvuke. Akayamimina kwenye beseni, akachovya kiwiko kuyapima, kama mtu anayetaka kuogesha mtoto. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Na haya huyaogopi?"

"Haya ni ya kuoga. Maji ya moto haijanifanyia kitu."

"Tukikubatiza na haya?"

Akatoa kiwiko majini. "Mpaka kichwa?"

"Mpaka kichwa."

"Iwe moto kweli. Isiwe ya kudanganya."

Neno hilo ningekuwa nimelifikiria mwenyewe ningekwambia, maana sifa zangu sifichi. Hili halikuwa langu.

Pasteri alifungua Biblia, akaisoma, akaifunga. "Maji mengi, imesema. Moto ao baridi haikusema. Lakini ya moto mengi hivyo utatoa wapi?"

"Pasteri, unaongea na nani?"

Nilirudi Chilinde, nikamkuta fundi wa kuchomelea, nikamwambia anitengenezee chombo cha bati chenye urefu wa mtu. Aliuliza kama ni cha kunyweshea ng'ombe. Nikamwambia ni cha mama mmoja. Hakuuliza tena.

Jumapili, uani mwa kanisa, tuliwasha moto chini ya zile sufuria kubwa za harusi, tukamimina maji kwenye chombo. Mama alikuja na kanga mbili, akachovya kiwiko.

"Bado."

Tukaongeza.

"Bado."

Pasteri aliingia, akatoka, akasimama anapuliza miguu. "Mama, mutanipika."

"Vumilia, pasteri. Mitume walivumilia zaidi."

Akaingia mwenyewe, bila kushikwa mkono. Akazama, akatoka, na kwaya ikapaza. Pasteri alimpa mkono amtoe. Mama akaurudisha taratibu, akakaa chini tena, maji mpaka mabegani, macho amefumba.

"Niacheni kidogo."

Tulimwacha. Kwaya ilirudia wimbo mpaka ukaisha, ikaanza mwingine. Nikamshukuru Mungu bila maneno. Mchana huo kikombe kilimfikia, akanywa.

Chombo, gari la kukileta, makaa na maji ya kioski, vyote nililipa mimi, na sijawahi kulipa kwa furaha hivyo: kwacha laki mbili, elfu arobaini na tatu na mia tano.