Madoa Kumi na Tisa ya Twiga

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mizani, simu mkono wa kushoto, misumari mkono wa kulia, nikasoma namba ambayo hakuna mtu duniani aliyepaswa kuijua isipokuwa mimi.

Kumi na tisa.

Swali lilikuwa hili: "Shingo ya twiga ina mifupa mingapi? A, saba. B, kumi na tisa. C, kumi na mbili. D, thelathini."

Ile kumi na tisa niliitunga mwenyewe, kwa penseli, siku ya mvua duka likiwa halina mteja, nikihesabu madoa kwenye shingo ya twiga wa kuchorwa.

Sasa ilikuwa inaning'inia mbele ya watu mia mbili na arobaini, kwenye swali la mwisho la fainali.

Tulia nikusimulie.

Mimi nauza misumari. Duka ni la mjomba wangu. Shule niliachia darasa la tano, mama alipougua na akakosekana mtu wa kukaa naye. Alipopona, wenzangu walikuwa wameshasonga mbele, nami nikaona haya kurudi kukaa dawati moja na wadogo. Mjomba akanipa kiti nyuma ya mizani. Nimekaa hapo mpaka leo.

Mjomba hununua karatasi kuukuu za kufungia. Magazeti, madaftari, vitabu vilivyokufa. Kazi yangu ni kuchana, kukunja pembe, kujaza misumari, kufunga.

Kabla sijachana, nasoma.

"Karatasi ni ya kufungia, mwanangu," mjomba husema. "Ukiisoma, foleni haipungui."

Siku moja ndani ya gunia nikakuta kitabu kinene cha maarifa ya ulimwengu. Jalada hakina, pembe zimeliwa na mchwa, lakini ndani mna kila kitu: bahari, nyota, mifupa, miji. Hicho sikukichana. Nikakificha chini ya boksi la bawaba.

Kitabu hicho ndicho kilichonipa ubavu wa kuingia kwenye grupu la chemsha bongo.

Sheria ya grupu ni sekunde kumi. Swali likitupwa, ujibu kabla ya sekunde kumi, ili mtu asipate nafasi ya kukimbilia kutafuta mtandaoni. Ana kwa ana mimi hata salamu naitoa kwa shida. Mteja akinitazama sana, nasahau bei. Lakini kwenye simu nilikuwa mtu mwingine. Jina langu humo ni Msumari.

"Msumari kagonga tena," walikuwa wakiandika. "Huyu binadamu analala saa ngapi?"

Hakuna aliyejua kwamba Msumari hajamaliza hata la saba.

Kasoro ya kitabu changu ilikuwa moja. Ni cha zamani. Kinasema sayari ni tisa. Siku niliyojibu tisa, grupu zima lilinicheka. Nikachukua penseli, nikakata ile tisa, nikaandika nane.

Tangu hapo ukawa mtindo wangu. Nikisahihishwa, naandika kwa penseli. Na pale mchwa walipokula neno, nabahatisha, halafu pembeni naweka alama ya kuuliza ili nisijidanganye.

Twiga alikuwa mmojawapo. Mchwa walikula idadi ya mifupa, wakaacha picha. Nikahesabu madoa, moja moja, kila doa nikilitia nukta. Yakawa kumi na tisa. Nikajaza tundu, nikaweka alama ya kuuliza ukingoni kabisa mwa karatasi.

Kurasa zilipoanza kung'oka, nilikipeleka kitabu kwenye duka la kutoa kopi, mtaa wa pili. Dada aliyekuwa kwenye mashine akafunua, akasoma mistari miwili, akanitazama.

"We dada, hii si ndiyo ile habari ya pweza aliyotumaliza nayo Msumari juzi kwenye grupu?"

Nikainama.

"Usiniambie. Wewe ndiye Msumari?" Akacheka mpaka akashika meza. "Mimi ni Wino. Mwenzio nilikuwa najua Msumari ni baba mmoja hivi, ana kitambi na miwani."

Wino alikuwa namba mbili kwenye grupu. Nyuma yangu siku zote, hatua moja.

Siku ile alinitolea kopi mbili. "Moja yako, moja nakutunzia mimi. Huku kwenu na mchwa hakuaminiki."

Nikamwona malaika.

Tukawa mashoga. Mchana nikipata nafasi, naenda kukaa kwenye kibenchi chake kando ya mashine, kwenye ule ujoto wa karatasi zinazotoka. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia kuhusu darasa la tano. Nikamwonyesha masahihisho yangu ya penseli. Akasema, "Shoga, wewe ungesoma ungekuwa hatari." Nililia. Yeye alinifuta machozi kwa karatasi iliyoharibika kwenye mashine, tukacheka wote.

Basi kituo kimoja cha redio kikamwandikia mwenyekiti wetu. Walitaka mtu wa kutunga maswali ya kipindi chao cha kila Jumamosi. Atakuwa na meza yake, na jina lake litatajwa hewani.

Meza isiyo na mizani juu yake. Nilikosa usingizi.

Mwenyekiti ni mpima ardhi, mtu wa vipimo. Akapanga mchujo wa wiki tatu. Tukabaki wawili. Mimi na Wino.

Akatangaza utaratibu wa fainali: "Kwa kuwa anatafutwa mtunzi, kila mmoja amtungie mwenzake maswali kumi, anitumie pamoja na majibu. Atakayejibu mengi, ndiye. Lakini mtunzi akikosea jibu la swali lake mwenyewe, huyo ametoka, hata kama anaongoza. Redioni hakuna kufuta."

Jioni ile nikaenda kwenye kibenchi.

"Tusiumizane," Wino akasema mwenyewe, mimi sikuanza. "Tupeane ya kawaida. Atakayeshinda kashinda kwa bahati yake, na akifika huko atamshika mkono mwenzake."

"Kweli?"

"Shoga, mimi na wewe tutoane macho kwa ajili ya redio?"

Tukashikana vidole vidogo kama watoto.

Nikaenda nikamtungia maswali laini. Mapigo ya moyo, rangi za upinde wa mvua, vitu ambavyo nilijua anavijua. Jumamosi mchana alianza yeye kujibu. Kumi kwa kumi. Nikampigia makofi ya kwenye simu.

Zamu yangu ikafika.

"Nchi kubwa kuliko zote Afrika kwa eneo?" Nikaona B, Sudani. Kitabu changu kinasema Sudani. Nikaandika B.

"Si sahihi," mwenyekiti akaandika. "Ilikuwa Sudani kabla haijagawanyika. Sasa ni Aljeria."

Sawa. Hutokea.

"Mji mkuu wa Myanmar, zamani Burma?" B, Rangoon. Nikaandika B.

"Si sahihi. Walishahama. Ni Naypyidaw."

"Umoja wa Mataifa una nchi wanachama ngapi?" B, mia na hamsini na tisa. Nilikuwa naikumbuka hadi kona ya ukurasa ilipoandikwa. B.

"Si sahihi. Ni mia na tisini na tatu. Msumari leo kuna nini?"

"Umepinda leo," mmoja akaandika.

Hapo akaingia mteja. "Dada, nusu kilo, inchi tatu."

Mikono ikaanza kupima yenyewe. Kichwa kilikuwa mbali. Kila B ilikuwa kitabu changu. Si baadhi. Kila B. Kuna mtu alikaa chini na kitabu changu, akatafuta mahali ambapo dunia imebadilika na mimi sijaambiwa, akaniwekea shimo pale pale.

Na kopi zipo mbili tu.

"Dada, nimesema inchi tatu. Hizo ni nne."

"Nisamehe kaka."

Kuanzia la nne sikugusa B tena. Nilichagua kati ya zilizobaki, na kwa kuwa kichwa si kibovu, nilipata zote mpaka la tisa. Sita kwa tisa. Hata nikipata la kumi, nimeshashindwa.

Nikajiambia labda ni bahati mbaya. Kitabu cha zamani anacho mtu yeyote. Nilitaka sana kumtetea.

Ndipo akaja twiga.

Saba, kumi na tisa, kumi na mbili, thelathini.

Nikakalia boksi la bawaba. Kumi na tisa haimo kwenye kitabu chochote. Imo kwenye penseli yangu tu.

Idadi ya kweli sikuijua. Nilichojua ni kwamba madoa si mifupa. Nikaandika A, kwa sababu haikuwa B.

Kisha mwenyekiti:

"Si sahihi. Jibu la mtunzi ni B, kumi na tisa. Wino kashinda, kumi kwa sita."

Nikasoma mara mbili. Jibu la mtunzi?

Pongezi zikaanza kumiminika. Zikakatwa na mtu mmoja tunayemwita Kisu, ana bucha.

"Ngojeni. Mbuzi saba, ng'ombe saba, hata wewe unayesoma hapo ni saba. Twiga sijawahi kumkata, lakini hizo kumi na tisa kazitoa wapi?"

"Shingo ndefu bwana," mwingine akajibu. "Si lazima iwe na mifupa mingi?"

"Wino, chanzo?" akauliza mwenyekiti.

Wino hakusita. Akatuma picha ya kopi. Shingo ya twiga, maelezo, na pale palipokuwa na tundu, kumi na tisa. Mashine ya kopi haijui penseli na wino. Vyote inavitoa vyeusi. Na ukingo wa karatasi ilikuwa imeukata.

"Mbona hiyo namba kama ya mkono?" Kisu akaandika.

"Ni sahihisho," Wino akajibu. "Mwenye kitabu huwa anasahihisha kwa uhakika."

Mwenye kitabu.

Mwenye kitabu alikuwa amekalia bawaba. Ningenyamaza, yangepita. Nikisema, wote watajua Msumari ni nani: binti wa darasa la tano, kitabu chake kimetoka kwenye gunia, na mifupa ya twiga kaihesabu kwa madoa.

Nikatoa kitabu. Nikaupiga picha ukurasa, kwa rangi yake, penseli ikionekana kijivu, nukta kwenye kila doa, alama ya kuuliza ukingoni. Nikatuma. Chini nikaandika:

"Kitabu ni changu, nilikipata kwenye karatasi za kufungia misumari. Hiyo namba nilibahatisha. Yalikuwa madoa. Shule niliachia la tano."

Nikakifunga kitabu.

Kisha Kisu: "Sudani, Rangoon, mia na hamsini na tisa. Na hayo yamo humo?"

"Yamo," nikajibu.

"Aisee. Kamchimbia mtu kaburi kwa jembe lake mwenyewe."

Mwenyekiti akaulizia kwanza kwa daktari wa mifugo anayemfahamu, mtu wa vipimo hakurupuki. Akarudi: "Twiga ana saba. Mtunzi amekosea swali lake. Sheria inajulikana."

Mstari uliofuata ulikuwa mfupi. Wino ameondoka kwenye kundi.

Watu wakanipongeza mpaka simu ikapata joto. Sikuhisi chochote. Nilikuwa nakitazama kile kidole changu kidogo.

Jumatatu alikuja dukani. Akasimama upande wa wateja, kopi yangu mkononi.

"Nimekuletea yako."

Sikuipokea. Akaiweka juu ya mizani.

"Najua nilichokufanyia," akasema. "Lakini shoga, wewe ungeenda redioni kufanya nini? Mteja tu akikutazama unasahau bei. Nikasema nafasi itapotea bure."

"Tulishikana vidole."

"Nilijua kwenye la tatu au la nne utashtuka, utaikwepa B. Ndiyo maana la mwisho nikaligeuza, B ikawa jibu."

"Na hiyo kumi na tisa hukuitafuta hata mtandaoni?"

Akanitazama kama nimemuuliza kitu cha ajabu.

"Kwa nini niitafute? Kila ulichoandika kwa penseli kilikuwa kweli. Nilikuamini."

Hapo ndipo nilipolia, si siku ile ya fainali. Aliniamini kuliko mtandao, na imani hiyo hiyo akaigeuza kisu.

"Kwenye kopi yangu hakuna alama ya kuuliza," akasema polepole. "Ningejuaje kwamba hata wewe ulikuwa hujui?"

"Ungeniuliza," nikamwambia. "Ningekwambia."

Akatoka. Mjomba aliyekuwa anajifanya anapanga makufuli akakohoa.

"Hiyo kopi nayo tufungie?"

"Hiyo fungia, mjomba."

Akaichana yeye mwenyewe, akakunja pembe.

Leo nina meza redioni. Maswali natunga mimi, anayesoma hewani ni mtu mwingine, kwa hiyo haya zangu hazijamdhuru mtu. Kila jibu nalitafuta sehemu tatu. Kitabu bado ninacho, twiga wangu yumo na madoa yake, na kando ya kumi na tisa nimeandika saba.

Alama ya kuuliza sikuifuta.

Wewe unayesoma hapa, una mtu anayejua siri zako zote? Usimpime kwa anavyokusifia kwa unayoyajua. Mtazame kama amewahi kukuuliza ni wapi ulibahatisha. Anayekupenda atataka kujua mahali hapo ili akushike mkono usianguke. Mwingine atakijua kitabu chako chote, akaja kukuangusha nacho, na bado akashangaa kuona ameanguka yeye.