Wokmani ya Kumsikiliza Mama

Kila mwisho wa mwezi mpimaji mmoja wa miwa hutoka Muhoroni kuja dukani Kisumu kuchagua wokmani, kile kinasa cha kaseti cha mkononi. Huja na kaseti yenye sauti ya marehemu mama yake akiomba, ameifunga ndani ya leso. Huvaa spika za masikioni, hufumba macho, kisha huirudisha mashine kwa mikono miwili. “Hii inamkimbiza mama.”

“Mzee, atakimbilia wapi na amekwishazikwa?” muuzaji alimuuliza juzi, akipiga mwayo. Akatia betri kuukuu, zinazozungusha kaseti polepole. Mabega ya mzee yakashuka.

“Huyu ndiye.”

Muuzaji akainamisha macho. “Nisikudanganye, Mzee. Hizi betri zinakufa. Ukiweka mpya, atakimbia tena.”

“Basi niuzie hizohizo.”