Mwanga wa Leeds Katika Paa la Lusail

Habari za kifo chake zilinifikia mtaani Al Sadd, nikila chakula cha mchana na wenzangu. Mkenya mwenzetu, msanifu majengo aliyefanya kazi hapa Doha kwa miaka mingi, alikuwa amefariki Nairobi alikokwenda kutibiwa. Nililipa, nikatoka, nikatembea juani bila kujua ninakokwenda. Mnaonisoma kila wiki mtanisamehe nikirukaruka leo. Marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kutulia, na tangu siku hiyo mimi pia sijatulia.

Alisomea Uingereza, na jengo alilolipenda kuliko yote lilikuwa soko la zamani la nafaka mjini Leeds: jumba la mawe lenye umbo la yai, na juu yake kuba. Alinieleza kwamba vioo vikubwa vya kuba hiyo vilielekezwa kaskazini, ili wafanyabiashara wapate mwanga tulivu wa kukagulia nafaka. “Mnunuzi asidanganywe na jua,” alisema. “Hebu fikiria, ndugu yangu, paa linalomtetea mnunuzi.”

Alipopata kazi Lusail, mji mpya kaskazini mwa Doha, alichora jumba la maduka ya vitambaa kwa fikra hiyo hiyo: vioo vya paa vitazame kaskazini. Wakubwa wake walitaka ukuta wa kioo upande wa magharibi, upendeze machoni pa wapita njia. Alikataa kubadilisha mchoro. “Jioni watu wataungua humo ndani, na vitambaa vitapauka,” aliwaambia. Wakamwachisha kazi. Alihangaika kutafuta mwajiri mwingine kabla kibali chake cha kuishi hakijaisha, akaishia kuchora nyumba za watu kule Al Wukair, kusini mwa jiji. Mwenye jumba, Mqatari aliyeuza vitambaa tangu ujana wake, alipolinganisha mchoro wake na ule mpya wenye ukuta wa kioo, alichagua ule wa kwanza. Mchoraji hakurudishwa.

Jumba lilipofunguliwa tulikwenda pamoja. Tulimwona mama mmoja akikunjua hariri ya buluu, akaitazama pale pale chini ya paa, akainunua bila kuipeleka mlangoni kuhakikisha rangi yake. Nilidhani mwenzangu angefurahi. Alizunguka ukumbi mzima, uso umekunjamana. “Wamesahau viti,” alisema. “Wazee watakaa wapi?”

Tunaoshughulika na miji hii mipya, na hata sisi tunaoandika, hupenda kujua kazi yetu itasifiwaje. Yeye alinifundisha kumuuliza kwanza atakayeitumia kama inamfaa, na kuendelea kuuliza hata baada ya kupongezwa. Jana nilimpigia simu meneja wa jumba lile kuhusu viti. Akauliza mimi ni nani. Nikamwambia ni mteja, na kwamba nitapiga tena.