Nta ya Mlembe

Mtu atoke Dar es Salaam, alale gesti Nachingwea, apande bodaboda mpaka kwetu Mbekenyera, vumbi mpaka kwenye kope, eti anatafuta ndege! Saada alinitazama mimi jirani yake, nami nikamtazama. Ndege gani hao wasioliwa?

Mgeni alijitambulisha kwa jina la Alfred. Darubini ilimning'inia shingoni. Alisema pale Nachingwea ameshaona ndege wengi, sasa amebakiza mlembe, yule anayewaita watu na kuwaongoza kwenye asali.

"Huku hayupo," Saada akamjibu.

Uongo mkavu. Mlembe alikuwa akilia shambani kwake tangu asubuhi. Lakini katika kijiji jirani walikuja watu na vyombo vyao, wakasema wanapima mvua. Baadaye vikaja vigingi, na wenye mashamba wakahamishwa kupisha madini. Shamba la Saada lina mawe meusi yanayong'aa. Lina mikorosho aliyopanda na mumewe Amri, na Amri mwenyewe amezikwa humo.

"Mama, naomba nipite tu niangalie."

"Pita, baba. Nitakusindikiza."

Amsindikize wapi! Alikwenda kumlinda, nami nikafuata, maana umbea siwezi kuuacha. Mlembe naye hana siri. Akatokea, akapiga kelele mti kwa mti, akatufikisha kwenye mzinga wa Amri, karibu kabisa na kaburi na yale mawe. Saada akatandika kanga upesi juu ya mawe, akakaa. Alfred alikuwa anatazama juu, anacheka peke yake. Hakuinama hata mara moja.

"Anajifanya," Saada akaninong'oneza. Nikakubali. Mpaka leo simwamini.

Alipoondoka, Saada akafukiza nyuki, akatoa asali. Kwetu ukitoa asali unamwachia mlembe nta yake. Amri alikuwa akimwekea juu ya jani na kumshukuru kama mtu. Ukimnyima, anakususa. Saada akakusanya nta yote, akaifukia.

"Akawaite wageni kwingine," akasema.

Ndege alizunguka mzinga siku ile, akalia mpaka nikamwonea huruma. Kisha hatukumsikia tena.

Alfred hakurudi, wala vigingi havikuja. Shamba lipo, mikorosho imechanua vizuri. Juzi nikamkuta Saada kando ya kaburi, ameshika jani lenye nta, anapiga mluzi wa kumwita mlembe, kama alivyokuwa akipiga Amri. Nilidhani ataona haya. Hakuona.

"Nilipokuwa namsikia ndege yule, nilijiona kama niko na Amri humu shambani," alisema, machozi yanamtoka. "Sasa nimemzika mara ya pili, dada."

Nikakaa naye, tukapiga mluzi wote wawili mpaka midomo ikatukauka.