Msusi Aliyeandika Visogo

Ni asubuhi ya siku ya tatu, na pazia la chumba namba nne limeshasukwa. Nyuzi zote zinazoning'inia kwenye pindo lake, kutoka kona hadi kona, zimegawanywa tatu tatu, zikasokotwa na kufungwa vifundo vidogo vilivyonyooka. Mwenye kazi hiyo ameketi mezani mbele ya kompyuta ya kuazima. Ukurasa alioufungua una sentensi moja tu.

"Mikono imezoea," anasema, akilitazama pazia kama mtu aliyefumaniwa. "Kichwa kikigoma, yenyewe inatafuta cha kushika."

Nyumba hii ya ghorofa moja, iliyowahi kuwa ya wageni, imegeuzwa kambi ya waandishi kwa siku kumi na mbili. Wapo wanane. Kila mmoja amepewa kitanda, meza, taa, na nafasi ya kupambana na riwaya ambayo haijaisha. Sheria zenyewe ni chache: kimya mpaka chakula cha mchana, simu zinalazwa kwenye kikapu sebuleni, na kila alasiri mmoja wao anasoma kurasa zake mbele ya wenzake.

Kuna mfamasia, kuna mwalimu mstaafu, kuna mwanasheria anayeandika mambo ya mapenzi na hataki ofisini kwake wajue. Na kuna huyu, msusi wa miaka thelathini na tisa, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Mtaani kwake jina lake la kuzaliwa limesahaulika kabisa. Wanamwita Vidole, kwa jinsi anavyosuka haraka.

Saluni yake ni chumba kimoja chenye viti viwili vya plastiki, benchi la wanaosubiri, kioo kilichopasuka kona na feni inayozunguka pale inapojisikia. Siku ikiwa nzuri anasuka vichwa vinne. Ikiwa mbaya anafagia, anakaa, anafagia tena. Kwa miaka kumi na saba amesimama nyuma ya watu, na jioni miguu humvimba hadi viatu vinakataa kuvulika.

Shule aliiacha kidato cha pili, baba yake alipofariki. Shangazi mtu ndiye aliyemchukua na kumfundisha kazi. "Shangazi hakuwa na maneno mengi," anasimulia. "Aliniambia mambo mawili. Usivute nywele za mbele. Na ya kwenye kiti yabaki kwenye kiti."

La kwanza hajalivunja hata siku moja. La pili ndilo lililomfikisha kambini, na ndilo lililomfanya apoteze hamu ya kula alipokuwa huko.

Kusuka mistari midogo huchukua saa tano, na hakuna binadamu anayeweza kukaa saa tano amefunga mdomo. Mteja huanza na bei ya sabuni, akaja kwa majirani, akafika kwa wifi, na ikigonga saa ya tatu ameshaingia chumbani kwake. "Ukimkabili mtu usoni hakwambii," Vidole anaeleza. "Ukiwa nyuma yake anasahau kama upo. Anaongea na ukuta, na ukuta ndio mimi." Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mtaa ule mzima ni mitungi, na kata ni moja.

Miaka miwili iliyopita, mteja mmoja alisema jambo kitini pale. Hapa tutamwita Mama Pacha. Hana pacha, na jina lisilomhusu ndilo sharti alilotoa ili akubali kusimuliwa. Jambo lenyewe halitaandikwa. Vidole alilibadilisha tangu sura ya kwanza ya riwaya yake, likawa hivi: mwanamke aliyeolewa miaka kumi na minne anapanga chumba upande wa pili wa mji bila mumewe kujua. Hahamii. Kila Alhamisi anakwenda, anafagia, anakaa kwenye kigoda kwa muda, kisha anafunga mlango na kurudi nyumbani kupika.

"Kilichobaki kweli ni kimoja," anasema Vidole. "Ni mwanamke aliyejiandalia pa kwenda, na hajaenda. Lilinikaa kooni jambo hilo. Kulisema siwezi, kulimeza siwezi. Nikaanza kuliandika kwenye simu, najitumia ujumbe mwenyewe."

Jumbe zilipofika mia kadhaa, karani wa shule ya jirani, ambaye naye ni mteja, alimchapia zote, na malipo yake yakawa kusukwa bure kwa miezi mitatu. Ni huyohuyo karani aliyeona tangazo la kambi na kumjazia maombi. Hakujua kisa kilitoka kwa nani. Alijua tu kwamba kinanoga.

Mume wa Vidole, fundi wa kuchomelea mageti, hakuweka pingamizi. Alipoulizwa siku zile kumi na mbili zilikwendaje, alisukuma miwani yake ya kazi kichwani. "Nilikuwa baba na mama," alijibu. "Cheo cha pili nimejiuzulu."

Zamu ya Vidole kusoma ilifika siku ya tano. Alisoma akiwa amesimama, kwa sababu kukaa mbele ya watu hakukuzoea. Alipomaliza, wenzake walipiga makofi. Kisha mwongozaji wa kambi, mhariri mstaafu ambaye wote humwita Mama, akavua miwani yake na kuiweka juu ya karatasi.

"Mwanangu, watu wako wanaongea vizuri. Nawasikia kabisa," alisema. "Lakini katika kurasa zote ulizonipa, hakuna hata mmoja mwenye uso."

Vidole alidhani ni utani. Akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Kulikuwa na visogo, shingo, masikio, mabega yanayopanda mtu akisema uongo. Kulikuwa na ngozi ya kichwa inayotoka jasho kabla mwenyewe hajalia. Jicho hata moja halikuwepo, wala pua, wala mdomo. Kila mtu aliyemwandika, alimwandika kwa nyuma.

Watu walicheka, na yeye akacheka nao. Mfamasia akamfariji: "Usijali dada, kwenye kitabu changu mimi kila mtu anakohoa."

Alipofika chumbani alilia. "Siwezi kudanganya, nililia," anasema. "Niliona miaka miwili yote nimeandika visogo."

Kesho yake alianza kutafuta nyuso. Wakati wa chakula aliwakodolea macho wenzake hadi mwanasheria akajifuta kidevu, akidhani ameacha ugali. Polepole yule mwanamke wa kwenye riwaya akaanza kupata sura. Macho aliazima kwa muuza maji aliyemwona zamani kituoni. Meno ya mbele alimpa mwanya, kama wa binamu yake. Paji la uso alimpa la kwake mwenyewe, pana, kwa sababu ndilo alilolijua kuliko yote.

Ndipo, akiwa anautazama uso ule mpya, akasoma tena yale aliyokuwa ameandika mwanzo. Kovu la kitana cha moto nyuma ya sikio la kushoto. Nywele za utosini zinazozunguka sehemu mbili. Kibonde kidogo chini ya kisogo. Kilikuwa kichwa cha Mama Pacha, hakijapungua kitu.

"Nilijiona mjanja, nimebadilisha jambo, nimebadilisha mji, uso sijauandika," anasema. "Kumbe kisogo nimekianika juani. Na kisogo cha mwanamke nani anakijua? Msusi wake na mume wake. Basi."

Alifuta kovu, akafuta utosi, akafuta kibonde. Kisha akaenda kumweleza Mama Mhariri mambo yote, isipokuwa jina na lile jambo lenyewe. Mhariri alikuwa anakunywa chai, na hakuiweka chini.

"Alama umezifuta, umefanya vizuri," alisema. "Na kisa ni cha nani?"

"Cha kwake, Mama."

"Basi ruhusa haiko kwangu."

Hapo ndipo Vidole alipokata shauri. Angerudi nyumbani, angemwambia Mama Pacha ana kwa ana na kumsomea. Akikataa, angefuta riwaya nzima, kwenye kompyuta na kwenye simu, asibakize hata mstari. Mhariri hakumbembeleza abadili mawazo. Alimwambia tu aandike siku zilizobaki kana kwamba atakubaliwa, maana kitabu cha nusu hakiombewi ruhusa.

Akaandika. Pazia halikusukwa tena. Siku ya kumi na mbili alifunga begi akiwa na sura kumi na nane. Ilibaki moja, ya mwisho, ambayo kila alipoifungua aliifunga bila kuandika.

Nyumbani alikuta mambo yameharibika. Karani, kwa nia njema kabisa na fahari tele, alikuwa ameutangazia mtaa kwamba Vidole amekwenda kuandika kitabu cha saluni. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtaa ukalipokea kama habari ya wizi.

Wiki ya kwanza alisuka vichwa viwili. Muuza mitumba, mwanamke ambaye kwa kawaida husikika kabla hajaonekana, alikaa saa nne nzima bila kutoa neno. Saluni ikawa kama chumba cha mtihani. Mwishoni akalipa, akasimama mlangoni na kuuliza, "Hata nilivyonyamaza leo utaandika?"

Muuza mboga yeye alikuja na malalamiko mengine. Alikuwa amemhoji karani, ametajiwa wahusika wote, na hakujitambua hata kwa mmoja. "Miaka yote hii nakaa hapa naeleza," alisema, "halafu hata ukurasa sina? Mimi maisha yangu yana kasoro gani?"

Vidole anacheka akisimulia hayo, lakini wakati ule hakucheka. Mtu akiogopa kusema kitini, ataogopa na kukaa. Alikuwa anaona riziki yake na kitabu chake vinazama siku moja, na Mama Pacha hakuwa amekanyaga saluni tangu yeye arudi.

Alikuja wiki ya pili, asubuhi, kukiwa hakuna mtu mwingine. Yaliyotokea wanayasimulia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao hayapishani.

Mama Pacha alikaa kitini, akavua kitambaa. Vidole hakuchukua kitana. Alivuta kiti cha pili, akakiweka mbele ya mteja wake na kuketi, magoti yao yakikaribia kugusana. Alimweleza yote, tangu ule ujumbe wa kwanza aliojitumia hadi lile kovu alilolifuta. Alimwambia pia kwamba akisema hapana, itafutwa hapohapo akiona kwa macho yake. Kisha akatoa simu na kumsomea sura ya kwanza.

Mama Pacha alisikiliza akitazama sakafu.

"Umempa mwanya," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Mimi sina mwanya."

"Huna."

"Hapo sawa." Akaikunja nguo yake juu ya magoti, akaikunjua. "Soma tena pale anapofagia."

Vidole akasoma tena: mwanamke anafagia chumba kisicho na uchafu, kwa kuwa hakuna anayekaa humo wa kukichafua, na bado anaogopa kuondoka kabla hajafagia. Aliponyanyua macho aliona mashavu ya mwenzake yamelowa.

"Miaka kumi namsuka yule dada," Vidole anasema. "Siku ile ndiyo nilijua kwamba akilia hatoi sauti. Nikajiuliza amelia mara ngapi kwenye kiti changu nami niko nyuma nachambua nywele. Iliniuma sana."

Mama Pacha alijifuta kwa kitambaa chake. Hakutoa ruhusa, wala hakukataa. Aliuliza swali.

"Mwishowe anahamia, au anarudisha ufunguo?"

"Sijaandika."

"Kwa nini?"

"Sijui."

Mama Pacha akatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na hesabu. "Mengine yaache yalivyo. Hiyo ya mwisho usiiandike kwanza."

"Mpaka lini, dada?"

"Nisuke."

Vidole akainuka, akarudisha kiti, akasimama mahali pake. Walizungumza bei ya sabuni.

Tangu hapo wateja wamerejea mmoja mmoja. Muuza mitumba amepata sauti yake yote. Muuza mboga anasimulia mambo yake polepole, kwa vituo, ili msusi apate kuyashika, ingawa ameshaelezwa mara nyingi kwamba hakuna kinachoandikwa tena bila mwenye nacho kuombwa. Kwa muuza mboga, ruhusa ilitolewa zamani.

Mhariri amesoma zile sura kumi na nane na yuko tayari kuzipeleka kwa mchapishaji anayemfahamu. Hakuna ahadi. Anataka mswada kamili kabla ya mwaka kwisha, na amepiga simu mara mbili kuulizia. Vidole anatamani kitabu hicho kuliko kitu chochote alichowahi kutamani. Anatamani binti yake mkubwa akione kwenye duka la vitabu bila kuambiwa, asome jina la mama yake kwa sauti. Simu ya pili aliipokea akiwa amebana kitana kwa meno, na jibu alilolitoa siku hiyo ndilo analolitoa hadi leo.

"Nimemwambia avumilie," anasema. "Sura ya mwisho ina mwenyewe, na mwenyewe bado anafikiri."