Akko na Vitabu vya Maiti Wanaotembea

Mwishoni mwa miaka ya sabini, mjomba wangu aliyekuwa na lori la kubeba ng'ombe alirudi Isiolo kutoka Nairobi na katoni nzima ya vitabu. Mzungu mmoja aliyekuwa akihama alimpa bure. Mjomba hakusoma chochote zaidi ya vibao vya barabarani, kwa hiyo aliniletea mimi, mwalimu wa shule ya msingi, akiamini kwamba mwalimu hupenda kitabu chochote mradi kina kurasa. Tuliishi mji ambao duka la vitabu lilikuwa rafu moja ya madaftari nyuma ya magunia ya sukari. Niliifungua katoni ile kama mtu aliyefunga tangu alfajiri.

Vilikuwa takataka. Karibu kila jalada lilikuwa na damu, au mwanamke anayekimbia kwa gauni la kulalia, au vyote viwili.

Nilivisoma vyote, maana hakukuwa na kingine, na kila nilipomaliza kimoja dharau yangu iliongezeka. Katika riwaya za mapenzi daktari alikuwa mrefu, mkali, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyemtapikia. Katika za upelelezi muuaji alikuwa yule aliyetukaribisha kwa upole ukurasa wa tano. Lakini za kutisha ndizo zilizonikera zaidi. Watu walihamia jumba kubwa ambalo kila jirani aliwaonya wasihamie. Wakisikia mlio darini, walipanda kuutazama, mmoja mmoja, na mshumaa. Sisi tukisikia fisi nje ya boma tunakaza mlango na kuhesabu mbuzi asubuhi. Mwandishi alidhani ananitisha kwa kurudia neno giza. Alinichosha tu.

Dada yangu mdogo alivipenda. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alingoja matokeo, basi alilala mkekani kutwa nzima na kitabu usoni, mkono mdomoni, akihakikisha tunaona jinsi anavyoogopa. Nilimwambia kwamba anayetafuta woga kwa hiari yake ni yule ambaye woga haujawahi kumfuata nyumbani. Alinijibu kwamba nina wivu kwa sababu mimi najua kusoma lakini sijui kufurahi. Sikuona haja ya kubishana na mtu wa kiwango hicho.

Tuliishi na akko, nyanya yetu mzaa mama. Alizaliwa kwa wafugaji upande wa Merti, akaja mjini uzeeni macho yalipoingia mtoto wa jicho. Alikaa sebuleni akisikiliza kila kitu. Siku moja aliuliza ni nini kinachomfanya mjukuu wake agunegune hivyo, na dada akamweleza: mtu amekufa, amezikwa, sasa anatembea. Akko alitaka kusomewa. Kizungu cha dada kilikuwa cha kukwamakwama, kwa hiyo kazi iliniangukia mimi, niliyevidharau kuliko wote.

Basi kila siku baada ya sala ya adhuhuri nilisoma, nikiigeuza hadithi kwa Kiswahili na Kiborana kadiri maneno yalivyokuja. Akko hakuogopa hata mara moja. Aliuliza maswali. Huyu maiti aliyetoka kaburini alioshwa na nani? Alizikwa siku ile ile au walimchelewesha? Hakuwa na ndugu wa kumsomea dua? Mwandishi hakuwa na jibu la swali lolote kati ya hayo, na mimi nilifurahia kila alipoumbuliwa. Kikongwe asiyejua kusoma alikuwa akibomoa riwaya moja baada ya nyingine, na nilianza kuzisubiri adhuhuri zile.

Kisha tukafika kitabu cha mama aliyefiwa na mtoto. Mtoto huyo angerudi baadaye, jalada lilishasema hivyo. Mama anamkuta amekufa kitandani, anapiga mayowe, na mwandishi ameyanyoosha mayowe yale kurasa tatu. Nilikuwa katikati ya ukurasa wa pili akko aliponigusa goti.

"Hapo amedanganya," alisema.

Nilimuuliza hapo wapi.

"Hapo pa kelele. Hakuna kelele."

Dada alikishusha kikombe chake. Akko alisema, kwa sauti ile ile ya kuulizia chai, kwamba mwaka mmoja wa ukame walikuwa wakihama kuelekea mto, Ewaso Nyiro, yeye na mtoto mgonjwa mgongoni, na mama yetu akiwa mdogo anatembea kando ameshika nguo yake. Kabla ya saa sita alijua kwamba mtoto wa mgongoni ametulia. Angesema, wangesimama wamzike, na maji yalikuwa bado mbali, na wanyama na watoto wengine walikuwa wanaanguka.

"Nilitembea na yeye mpaka jua likaisha," alisema. "Nilikuwa naongea na yeye njiani, nyimbo pia nilimuimbia, ndio mama yenu asijue."

Adhana ya alasiri ilipoanza alisimama akapapasa ukuta kwenda kutawadha. Mimi na dada hatukutazamana.

Mama alipofunga duka na kurudi nilimuuliza kama anaikumbuka safari hiyo. Alisema alikuwa mdogo mno. Anachokumbuka ni kwamba akko aliimba sana siku hiyo, na kwamba yeye alimwonea wivu ndugu yake kwa kubebwa.

Nilikichukua kile kitabu nikakitumbukiza chooni. Hasira niliyokuwa nayo juu ya mwandishi yule, na kurasa zake tatu, sijawahi kuwa nayo juu ya mtu niliyemfahamu uso kwa uso.

Kesho yake baada ya sala akko alikaa mahali pake akanyoosha miguu. "Soma," alisema.

Nilisema kitabu kimepotea. Alisema kwamba si vizuri kumwacha mtu njiani, anataka kujua yule mtoto alirudi au hakurudi. Mwisho wenyewe niliujua: mtoto anarudi na kumuua mama yake, upuuzi mtupu. Nikamwambia kwamba nilishakimaliza, na kwamba watu wa mji ule walimtafuta mtoto, wakamwosha vizuri, wakamsomea, akalala, na hakuna aliyemsikia tena.

Akko alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyo mwandishi," alisema, "mwisho alipata akili."

Dada alikuwa pale mkekani. Kitabu kile alikuwa amekisoma mara mbili. Tulipokuwa uani tukianua nguo aliniambia, bila kunitazama, kwamba ningeandika riwaya za kutisha nzuri kuliko wale Wazungu.

Sikumsemesha kwa siku mbili.