Siku Tuliyokataa Kupiga Magoti Langoni

Kwa miaka mingi nilivuka mpaka wa Busia, kutoka Uganda kurudi Kenya, kwa njia ya panya, vichochoro vya matope nyuma ya nyumba za watu, trei za mayai kichwani na roho mkononi. Huko alitawala askari mmoja mnene. Akikukuta, unapiga magoti na kuomba msamaha kwa sauti mpaka wapita njia wasikie. Mimi alinipondea mayai, akanilazimisha kuyazoa kwa vidole huku akicheka. Nyumbani nilisema nimeteleza.

Kumbe wengi wetu tulikuwa tunasema tumeteleza. Tulilijua hilo Jumapili moja ya mvua, ndani ya stoo ya rafiki yetu Muislamu anayeuza vitenge mjini, mahali tulipokuwa tukiweka mizigo. Mama mmoja wa Malaba, muuza vitunguu, mrefu, wa kabila la Wateso, asiyependa maneno mengi, alisikia viatu vizito vikipita nje akajibanza nyuma ya magunia. Hakuna aliyecheka.

"Dada, ni yule?" mwenye stoo akamuuliza taratibu.

"Ni yule."

Basi tukafunguka. Mmoja alichapwa mbele ya mwanawe. Mwingine alivuliwa leso. Mimi nikasimulia vidole vyangu, nikalia, na wenzangu wakanishika mabega.

Mwenye stoo alikuwa amesikia kwenye mkutano wa wafanyabiashara kwamba mizigo midogo kama yetu inaruhusiwa kupita kwenye lango la forodha, mchana kweupe. Hakuna aliyewahi kutuambia, na kwa woga hatukuwahi kuuliza.

"Tufanye mazoezi ya kupita langoni hapa hapa," akasema. Akachukua mwiko, akatoa tumbo mbele kama yule askari. "Wewe mama! Magoti!"

Mama wa Malaba akaanguka magotini kabla hajajijua. Tukamwinua.

"Tena," akasema mama mwenyewe.

Tukarudia, tukarudia, mpaka akasimama wima na kumnyang'anya mwenye stoo mwiko. Tulicheka mbavu zikauma.

Alhamisi tukaenda langoni kundi zima, mizigo kichwani, katikati ya malori. Na nani alikuwa zamuni? Yeye.

"Nyinyi wa panya mmepotea? Pigeni magoti pale kando!"

Kweli kabisa, nilianza kushusha trei nipige magoti. Ndipo mama wa Malaba akasema, bila haraka, "Hatupigi magoti, boss. Hii ni vitunguu, hii ni mayai. Kagua, tupite."

Askari akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeinamisha macho. Dereva wa lori nyuma yetu akapiga honi, wenzake wakamfuata. "Wacha hao mama wapite!" mtu wa boda boda akapaza sauti. Askari akasogea kwenye mizigo. Akakagua. Tukapita!

Wee, kelele tulizopiga upande wa Kenya! Vigelegele barabara nzima. Mama wa Malaba alicheza na gunia lake kichwani, na mimi nikakimbia na trei zangu kama msichana mdogo.

"Yatavunjika!" mwenye stoo alinikemea, naye akikimbia.

Jumapili iliyofuata stoo haikutosha. Walikuja wauza mchele, wauza samaki wa Port Victoria, hata akina dada wa upande wa Uganda tusiowajua. Tukatandika mikeka barazani. Mmoja wao akainua mkono, akaomba aanze yeye kusimulia yaliyompata, nasi tukamsogelea.